Usalama wa Pango Huanzia Mlangoni

Ukipiga kona mbili ndani ya mapango ya Amboni, kule Tanga, mchana na usiku huwa mamoja. Tochi ikizimika, huoni hata kiganja chako. Ndiyo maana maandalizi hufanywa mlangoni, mwanga ungali upo.

Acha habari nje. Mwambie mtu anayebaki mnaingia pango gani, mko wangapi na mtatoka saa ngapi. Kubalianeni pia saa ya kuanza kuwatafuta.

Ingieni wanne au zaidi, pamoja na mwenyeji anayelijua pango. Mmoja akivunjika mguu, mwingine abaki naye, wawili wafuate msaada.

Kila mtu awe na taa tatu. Moja ya kichwani, mbili za akiba, na betri mpya. Simu msiihesabu. Mtu akishawasha taa ya akiba, wote geukeni mrudi. Vaeni kofia ngumu na viatu visivyoteleza.

Tazama mawingu, hata ya mbali. Mvua ya mlimani huweza kujaza pango ambalo mlangoni ni pakavu. Juni 23, 2018, wavulana 12 na kocha wao walinaswa na maji katika pango la Tham Luang, Thailand. Wa mwisho walitolewa Julai 10, na mzamiaji mmoja alikufa katika uokoaji. Msimu wa mvua, pango lenye mkondo liacheni.

Waogope popo. Pango la Kitum, Mlima Elgon, lilihusishwa na wagonjwa wa virusi hatari vya Marburg mwaka 1980 na 1987. Penye popo wengi wala matunda, usiingie. Vumbi la kinyesi cha popo nalo hubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya safari, mwambie daktari kwamba uliingia pangoni.

Mkiwa ndani, kwenye kila njia panda geukeni mtazame mlikotoka, maana njia ya kurudi huwa na sura nyingine. Usijipenyeze kichwa chini kwenye ufa unaoteremka: mwaka 2009, huko Utah, Marekani, mtu alikwama hivyo katika pango la Nutty Putty akafa, nalo likafungwa. Kichwa kikiuma na pumzi zikienda mbio, huenda hewa ni mbaya, tokeni.

Mkishatoka, kabla ya picha, mpigie yule uliyemwachia habari. Ukimsahau, ataamsha kijiji kizima kuwatafuta watu wanaokunywa chai.