MTOTO ANAYEKATAA CHAKULA
Darsa kwa wazazi

Ndugu zetu, akina baba na akina mama,

Katika taabu za malezi, ni chache zinazomrudia mzazi mara tatu kila siku kama taabu ya mtoto asiyetaka kula. Mama hutoka sokoni na mboga nzuri, akaichambua, akaipika kwa bidii, akaipakua. Mtoto akaitazama mara moja, akafunga mdomo na kugeuza uso. Asubuhi ataka chai na mahamri. Mchana ataka wali mtupu. Jioni ataka tena chai na mkate. Mboga haitaki, samaki hamtaki, na dagaa hataki hata kumnusa. Wako wazazi wanaompiga, wako wanaomhonga kwa peremende, na wako waliochoka wakamwachia ale apendavyo.

Wala jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia kimo cha umri wao. Sababu za kudumaa ni nyingi, na umaskini na maradhi ni miongoni mwake. Lakini chakula cha namna moja siku zote nacho kimo. Mtoto aweza kushiba chai na mkate, tumbo likajaa, na huku damu yake yapungua. Kushiba ni kitu kimoja, na kulishwa ni kitu kingine.

CHAKULA KILICHOKO MLANGONI

Tumeuchagua mji wa Kisumu kuwa mfano wetu, kwa kuwa hapo jambo hili laonekana wazi. Watu wa pwani walifika pande hizo na misafara ya biashara hata kabla ya reli, na reli ilipofika ziwani mwaka 1901 njia ikawa nyepesi zaidi. Waliohamia walichukua pamoja nao lugha yao, mavazi yao na mapishi yao. Hapana ubaya katika hayo: wali wa nazi ni chakula kizuri, na mtu hafai kulaumiwa kwa kupenda chakula cha kwao. Lakini wako miongoni mwetu walioishi karibu na ziwa miaka mingi, na watoto wao wamezaliwa huko, nao wangali wakisema juu ya vyakula vya hapo: "Hivyo si vyakula vyetu."

Na tuvitazame vyakula hivyo. Katika soko la Kibuye huuzwa omena, dagaa mdogo wa fedha ambaye hukaushwa juani ufukoni. Kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mtoto protini ya kujenga mwili na kalsiamu ya mifupa kwa bei iliyo nafuu. Huuzwa kunde, ambayo Wajaluo huiita boo. Mnavu, ambao ni osuga. Mgagani, ambao ni dek au akeyo. Na mlenda, ambao ni apoth. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, bingwa wa kilimo cha mboga ambaye ni mzaliwa wa magharibi ya Kenya, ametumia maisha yake ya ilimu kuzichunguza mboga hizi za kienyeji, na kuwaonyesha watu kuwa zina madini na vitamini nyingi, tena zaidi kuliko kabeji ambayo wengi waiona kuwa ya heshima.

Na katika huo mlenda mna mazingatio. Mtu akienda Misri hukaribishwa mulukhiya kwa fahari, akarudi akiisifu. Basi mulukhiya na apoth ni mmea mmoja. Kilichotukuka Cairo hakistahili kudharauliwa Kisumu.

KWA NINI MTOTO HUKATAA

Wazazi wengi hudhani kuwa mtoto akikataa chakula ni ukaidi au deko. Mara nyingi sivyo. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na akichukia uchungu, na uchungu ndio uliomo katika mboga nyingi za majani. Kisha afikapo kiasi cha miaka miwili, baada ya kujua kutembea na kuokota vitu mwenyewe, humwingia hofu ya chakula asichokijua. Wataalamu huiona hofu hii kuwa ni kinga: mtoto anayezunguka peke yake huku akitia kila kitu mdomoni angeweza kula sumu. Hofu hiyo huendelea mpaka miaka sita hivi, kisha kwa watoto wengi hupungua. Kwa hivyo yule aliyekula kila kitu akiwa na miezi kumi, akaanza kuchagua alipofika miaka miwili na nusu, hakuharibika. Amefika daraja ya umri wake.

Na dawa ya hofu hii ni mazowea. Mwaka 1982 Leann Birch, mtaalamu wa Marekani, pamoja na mwenzake, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka miwili: kila walivyozidi kuonjeshwa chakula kigeni ndivyo walivyozidi kukipenda. Chunguzi nyingi zilizofuata zimethibitisha kuwa mtoto huenda akahitaji kuonja mara nane, mara kumi, au hata kumi na tano kabla hajakikubali chakula. Sasa tujiulize: ni wangapi miongoni mwetu wanaofika mara ya kumi? Wengi huishia mara ya pili au ya tatu, kisha mama husema mbele ya mtoto, "Huyu hali mboga". Na mtoto naye hulishika neno hilo likawa ndiyo sifa yake.

Mazowea haya huanza mapema kuliko tunavyodhani. Uchunguzi uliotolewa Philadelphia mwaka 2001 ulionyesha kuwa mama aliyekunywa maji ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha, mtoto wake alikipokea chakula chenye ladha ya karoti kwa uso wa furaha zaidi. Ladha ya anachokula mama hupita katika maziwa yake. Basi mama anayenyonyesha naye ale mboga na samaki wa namna mbalimbali. Hilo ndilo darsa la kwanza la mwanawe.

HUKATAA MTOTO, AU HUKATAA SISI?

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Mtoto hutazama uso wa mkubwa kabla ya kutazama sahani. Ikiwa baba hukunja uso aonapo omena, au nyanya husema kuwa mgagani ni chakula cha watu wa bara, mtoto amekwisha kufundishwa. Hata akipikiwa mara ishirini hatakula, kwa sababu anachokataa si ladha, bali ni unyonge aliosikia umefungamanishwa na chakula hicho.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim twasoma kuwa Mtume (S.A.W.), akiwa nyumbani kwa Bibi Maimuna, aliwekewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nyama gani aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, lakini mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama akaila, naye Mtume akimtazama.

Twapata hapa mafunzo matatu. Kwanza, kutopenda chakula kwaweza kuwa ni kwa sababu ya kutokizowea tu, na hili si aibu kwa mkubwa wala kwa mdogo. Pili, asiyependa hakukitukana chakula wala hakumzuia mwenziwe kula. Tatu, hakuna aliyemlazimisha. Lau nyumba zetu zingeshika adabu hii, nusu ya ugomvi wa chakula ungekwisha.

NJIA ILIYO BORA

Kwanza, kila mmoja ajue kazi yake. Kazi ya mzazi ni kuchagua chakula, wakati wake na mahali pake. Kazi ya mtoto ni kuamua ale kiasi gani katika kile kilichowekwa. Mzazi asimwachie mtoto kuchagua mapishi ya nyumba, wala asiingilie tumbo la mtoto kwa kumshindilia.

Pili, mtoto ale pamoja na wakubwa. Mtoto anayelishwa peke yake jikoni hana wa kumwiga. Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume, mkono wake ulikuwa ukizunguka katika chombo cha chakula. Akafundishwa kwa upole, hapo hapo penye kula, kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula cha mbele yake. Adabu ilifundishwa kwenye sinia, kwa maneno machache.

Tatu, kigeni kifuatane na kinachojulikana. Katika hili nazi ni rafiki yetu. Mtoto aliyezowea mchicha wa nazi hataona mbali kuupokea mnavu wa nazi. Ama mgagani, ambao uchungu wake ni mkali, na tujifunze kwa jirani zetu Wajaluo: huuchemsha, wakautia maziwa na kuuacha ulale ili uchungu upungue. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A kwa wingi, huingia kwa urahisi kwa kuwa ni vitamu. Wataalamu wanne waliofanya kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, watatu kati yao kwa viazi hivi, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Vianzeni hivyo kabla ya vilivyo vichungu.

Nne, anzeni kwa kidogo. Tuchukue omena. Toeni vichwa, na muioshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu mpaka mchanga uishe. Ikaangeni kwa mafuta kidogo mpaka ikauke, kisha muiunge kwa kitunguu, nyanya na tui, na mwisho muikamulie ndimu. Siku ya kwanza mtilieni mtoto mbili tu pembeni mwa wali, wala msiseme neno. Akizigusa, ni vyema. Akizitia mdomoni akazitoa, ni vyema pia, maana ameonja. Zile ambazo hakula ziondoeni bila ya kulaumu, na baada ya siku mbili tatu mrudie. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, mshirikisheni. Mtoto aliyekwenda sokoni akachagua fungu la kunde, akachambua majani pamoja na dada yake, hukitazama chakula hicho kama kazi ya mikono yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika maneno yake juu ya malezi ameusia kuwa mtoto azoweshwe nyakati nyingine kula mkate mtupu, ili asidhani kuwa kitoweo ni lazima. Maana yake ni kuwa ulimi nao hufunzwa, kama vile unavyofunzwa kusoma.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Msimlazimishe mtoto kwa fimbo wala kwa kumshika pua. Chakula kilicholiwa kwa machozi hukumbukwa kwa machozi, na chuki yake hudumu mpaka ukubwani. Wala msimhonge. Birch na wenziwe walichunguza hili pia mwaka 1984: watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji kigeni walikuja kukipenda kidogo zaidi kuliko mwanzo. Mtoto hufikiri hivi: ikiwa lazima nilipwe ndipo nile, basi hiki ni kibaya. Na peremende iliyokuwa malipo hupanda cheo, mboga ikashuka.

Msimpe chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga, na ndimu au chungwa husaidia kuyapokea. Chai na maziwa mengi kabla ya chakula pia huua njaa, na mtoto asiye na njaa hana sababu ya kujaribu kitu kigeni.

Mchambueni miba samaki kwa uangalifu, na msimpe mtoto mdogo njugu nzima, zisije zikamkaba. Tena si kila kukataa ni tabia. Mtoto anayepungua uzito, anayekabwa kila alapo, mwenye vidonda kinywani, homa, kuharisha au minyoo, au aliyeacha ghafula vyakula alivyovipenda, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Na yule anayefura uso au kutokwa na vipele baada ya kula samaki, yai au njugu, asionjeshwe tena mpaka atazamwe. Akipata taabu ya kupumua, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

KHATIMA

Ndugu zetu, kila mzazi wa mtoto mchaguzi achague chakula kimoja tu kutoka soko la mtaa wake, akile yeye mwenyewe mbele ya mtoto kwa uso mkunjufu, na akiweke mbele yake mara kumi katika mwezi mmoja bila ya fimbo, bila ya hongo, na bila ya maneno mengi. Walioko Mombasa, Lamu na Malindi nao wana mchicha wao, kunde zao na dagaa wao. Njia ni hiyo hiyo. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayemkunja kwa nguvu humvunja.

Maswali ya kuzungumza katika darsa:

1. Ni chakula gani cha halali ambacho nyumbani kwenu chadharauliwa, na nani alianza kukidharau?
2. Mara ya mwisho mtoto alipokataa chakula kigeni, mlimwekea tena mara ngapi?
3. Baba wa nyumba hula pamoja na watoto siku ngapi katika juma?

Wabillahi tawfiq.