Kubadili Chekeche Bila ya Kupoteza Saa

Madhali wakulima wa Nduruma, mkoani Arusha, hulima mahindi na papo hapo hufuga kuku na ng'ombe, mashine ya kusaga ninayoisimamia haikukusudiwa unga peke yake, bali kila siku hutakiwa pia kuparaza mahindi na mashudu ya alizeti kwa ajili ya mifugo, na kila inapotoka katika kazi moja kuingia nyingine haina budi isimamishwe, ifunguliwe, litolewe chekeche la matundu ya milimita 1 hivi, litiwe lenye matundu makubwa zaidi, kisha ifungwe. Aghalabu wenye mashine huuhesabu muda huo kuwa ni khasara isiyoepukika, ilhali sehemu yake kubwa ni ada tulizojizoesha.

Mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo, mwaka 1950, katika kiwanda cha Toyo Kogyo mjini Hiroshima, ambako hutengenezwa magari ya Mazda, alitambua kwamba matayarisho ni ya namna mbili: yasiyowezekana ila mashine imesimama, na yawezekanayo nayo ingali inazunguka. Kwa kanuni hiyo, mwaka 1969, mashine ya Toyota ya kukandamiza bati kwa nguvu ya tani 1,000, iliyokuwa ikibadilishwa kwa saa 4, ilifikishwa kwenye dakika 90, na baadaye dakika 3.

Nasi tulianza kwa kutazama, kabla ya kushika spana. Pima tangu gunia la mwisho la unga mzuri hadi gunia la kwanza la chakula cha kuku kilicho sawa, ukiandika kila kitendo, na itakudhihirikia kwamba fundi hutumia wasaa mwingi akitafuta spana, akipekua chekeche nyuma ya magunia, au akingoja mzigo upimwe na kulipiwa. Hayo yote yafanywe mashine ikisaga: chekeche lifuatalo likaguliwe kama limetoboka na litundikwe karibu, na mzigo uwe umekwisha pimwa.

Kisha zitazame nati. Mzunguko wa mwisho ndio unaokaza, na iliyobaki ni kupoteza nguvu za mkono. Kwa hiyo boliti ziwe za kipimo kimoja, au afadhali ziwe na nati za masikio, kazi ambayo mafundi wa mtaa wa Unga Limited, mjini Arusha, huimudu bila taabu. Ama kuzima umeme na kungoja mpaka nyundo za kusagia zilizomo ndani ya mashine zitulie kabisa, hapo usipunguze hata nukta moja.

Lakini lililotufaa kuliko yote ni mpango wa foleni. Chakula cha kuku hutiwa dagaa, na unga unaofuata dagaa bila mashine kusafishwa barabara hunuka na kurudishwa na mwenyewe, haki yake. Unga ukitangulia, ufagio mwepesi hutosha. Kwa hivyo tumeweka unga asubuhi na kuparaza alasiri, tangazo likabandikwa mlangoni, na usafi mkubwa, pamoja na kugeuza nyundo zilizolika upande mmoja, ukawa wa jioni, wateja wamekwisha kwenda zao.

Basi nawasihi wenye mashine wenzangu, kabla hamjaingia deni la kununua mashine ya pili, pimeni kwanza saa ambazo hiyo ya kwanza husimama.