Wasiwasi Unapowanyima Usingizi

Wanandoa, wasiwasi wa mmoja huwakesha wote wawili. Bwana anageuka-geuka kitandani akiwaza karo, bibi anadhani amekasirikiwa, na asubuhi chai inanywewa kimya.

Ipo njia ya kutuliza wasiwasi kwa kugonga mwili taratibu kwa ncha za vidole. Roger Callahan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliianzisha katika miaka ya 1980. Gary Craig, aliyejifunza kwake, akairahisisha katika miaka ya 1990 ili mtu aweze kujifanyia nyumbani.

Keti, utaje linalokusumbua, na ulipime kutoka 0 hadi 10. Gonga ubavu wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ukisema kwa sauti: "Ingawa naliogopa deni hili, najikubali." Kisha gonga mara kama 7 kila mahali: mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, chini ya mtulinga, chini ya kwapa, na utosini. Pima tena. Ikiwa ilikuwa 8 na sasa ni 5, rudia.

Waalimu wake husema hapo ndipo zipitapo nguvu za mwili, kama tiba ya kale ya Wachina inavyofundisha. Mimi siamini hilo, wala huhitaji kuliamini. Mwaka 2003 watafiti Waite na Holder waliwagawa watu wenye hofu: wengine waligonga sehemu hizo, wengine sehemu nyingine za mkono, wengine wakamgonga mwanasesere. Hofu ilipungua katika makundi yote matatu! Basi ukikosea mahali, usijali.

Kwa maoni yangu, faida kubwa kwenu ni kulitaja jambo. Bwana aliyeficha deni la chama mwaka mzima sasa analitamka mbele ya mkewe, mikono ikiwa na kazi na pumzi ikitulia. Bibi, usimkatize. Maswali ya shilingi ngapi na kwa nani yangoje amalize. Lakini yaulizwe usiku huohuo, maana kugonga hakulipi deni.

Usingizi ukipotea kwa majuma, au mtu akianza kusema heri afe, nendeni hospitali mara moja. Na mke anayeogopa kipigo asiambiwe agonge kidevu. Huyo anahitaji mahali salama na watu wa kumsimamia, na hofu yake inamwambia kweli.