Kuchagua Seti ya Kujiundia Spika za Rafuni

Katika maduka ya vyombo vya umeme si ajabu kuona sabufa ambayo ubavuni mwake pameandikwa "PMPO Wati 5000". Mnunuzi akiigeuza na kusoma kibandiko kidogo cha nyuma, aghalabu hukuta kwamba chombo hicho hicho hutumia wati 40 au 60 tu kutoka kwenye soketi ya ukutani. Mwanafunzi aliyekwisha soma kanuni ya hifadhi ya nishati atatambua mara moja kwamba namba mojawapo haisemi kweli, kwani chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kupita ile inayokiingia. Namba ya ubavuni ni ya kuuzia tu.

Mtu anayetaka kujiundia spika ndogo za kuweka kwenye rafu ya vitabu huepukana na kibandiko hicho, lakini hukabiliwa na uchaguzi mwingine. Ziko seti nyingi zinazouzwa zikiwa na spika ya besi, twita ya sauti nyembamba, kichujio cha kuzigawia sauti, na pengine mbao zilizokwisha katwa. Kila seti huja na karatasi iliyojaa namba. Baadhi ya namba hizo zina maana kubwa, nyingine hazina, na aliyefahamu kazi ya sanduku hatapata taabu kuzitenganisha.

Kazi ya sanduku

Spika ya kawaida ya leo hufuata umbo ambalo Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walilieleza mwaka 1925. Koili ya waya mwembamba hubandikwa kwenye shingo ya koni, ikakaa ndani ya uga wa sumaku. Mkondo wa umeme unaobadilika ukipita katika koili, kani huisukuma mbele na nyuma, nayo koni huisukuma hewa.

Lakini koni inapoigandamiza hewa iliyo mbele yake, wakati huo huo huipunguzia mgandamizo hewa iliyo nyuma. Wimbi la sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde, yaani Hz 100, lina urefu wa mita 3.4 hivi. Kwa wimbi refu namna hiyo, koni yenye upana wa sentimita 13 si kizuizi: hewa ya mbele huzunguka ukingo ikajaza upungufu wa nyuma, na besi hufa kabla ya kumfikia msikilizaji.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa gharama ndogo kabisa. Spika ing'olewe kutoka redio mbovu, kisha iungwe kwa waya kwenye redio nzima badala ya spika yake. Sauti itasikika nyembamba mithili ya mbu. Kisha lichukuliwe karatasi gumu la boksi lenye upana wa mita moja kila upande, litobolewe tundu lenye ukubwa wa koni, na spika ikandamizwe juu ya tundu hilo. Besi hurudi papo hapo, ingawa hakuna umeme wowote ulioongezwa. Wanafunzi waliokwisha kulishuhudia jaribio hili hawahitaji tena kuelezwa kwa nini spika hutiwa sandukuni. Sanduku ni ubao ule ule, ila umekunjwa.

Ubao ukishakunjwa na kuzibwa, jambo jipya huzuka. Hewa iliyofungiwa ndani huwa springi, nayo hurudisha koni kila inapotoka mahali pake. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur aliitumia springi hiyo kwa makusudi katika spika iitwayo AR-1, akailegeza mishikio ya koni ili hewa ifanye kazi kubwa ya kuirudisha. Baadaye Neville Thiele wa Australia, katika maandishi yake ya mwaka 1961, na Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney, katika miaka ya mwanzo ya 1970, walionyesha jinsi ya kukokotoa tabia ya spika ndani ya sanduku lake kabla ubao haujaguswa na msumeno.

Namba tatu za kusoma kwanza

Hesabu hiyo hutegemea hasa namba tatu, nazo hupatikana kwenye karatasi ya kila spika iliyotengenezwa kwa uangalifu. Ya kwanza, fs, ni mtetemo wa asili wa koni ikiwa nje ya sanduku. Ya pili, Vas, ni ujazo wa hewa ambao ulegevu wake ni sawa na ulegevu wa mishikio ya koni. Ya tatu, Qts, huonyesha jinsi koni inavyotulizwa: ikiwa kubwa, koni huendelea kutikisika baada ya umeme kukoma, ikiwa ndogo, hutulia upesi. Seti isiyotaja namba hizi yafaa iachwe, hata kama sumaku yake ni kubwa kama sahani.

Ichukuliwe mfano wa spika ya besi yenye fs ya Hz 55, Qts ya 0.40 na Vas ya lita 12. Ikitiwa katika sanduku lililozibwa lenye ujazo V, namba mbili za kwanza huzidishwa kwa kipeo cha pili cha (1 + Vas/V), yaani √(1 + Vas/V). Kwa sanduku la lita 6, jibu la kipeo ni √3, yaani 1.73. Mtetemo wa asili hupanda hadi Hz 95 na Q huwa 0.69. Hiyo ni karibu sana na 0.71, namba ambayo waundaji wengi huilenga kwa kuwa huipa besi mteremko laini usio na kinundu.

Sanduku la lita 6 laweza kuwa na vipimo vya sentimita 15 kwa 16 kwa 25. Hapa ndipo seti nyingi njema huharibikia. Fundi seremala akipewa vipimo hivyo bila maelezo, huvichukua kuwa vya nje, kama afanyavyo kwa kabati au meza. Ubao ukiwa na unene wa sentimita 1.8, nafasi ya ndani hubaki sentimita 11.4 kwa 12.4 kwa 21.4, yaani lita 3 tu na ushei. Unene wa ubao umekula nusu ya sanduku! Mtetemo wa asili sasa hufikia Hz 123 na Q 0.89. Mtu akilinganisha masanduku hayo mawili kwa sauti ya Hz 50, lile dogo hutoa chini ya nusu ya nguvu ya sauti itolewayo na lile sahihi. Mwenye spika atailaumu seti, na muuzaji atamshauri anunue amplifaya kubwa zaidi.

Katika sanduku lenye bomba la hewa hasara huwa mbaya zaidi. Hewa iliyomo bombani hutetemeka kama uzito uliotundikwa kwenye springi, na bomba lililopangwa kuvuma kwa Hz 50 litavuma kwa Hz 71 hivi ujazo ukipungua kwa nusu. Kwa sababu hiyo mwundaji wa mara ya kwanza hufaa achague seti ya sanduku lililozibwa, au seti inayokuja na mbao zake zimekatwa tayari.

Sauti kubwa, besi nzito, sanduku dogo

Namba nyingine yenye thamani ni ile ya desibeli zinazopatikana umbali wa mita 1 kwa wati 1. Spika ya desibeli 89 huhitaji wati 10 pale ambapo ya desibeli 83 huhitaji 40, kwani kila desibeli 6 ni mara nne ya nguvu. Mwenye amplifaya ndogo ataitazama namba hii kabla ya zote.

Hata hivyo, desibeli haziji bure. Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo herufi H katika kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957, alieleza kwamba besi nzito, sanduku dogo na desibeli nyingi haviwezi kupatikana vyote vitatu pamoja. Anayetaka viwili huacha cha tatu. Wahandisi wa BBC walipounda LS3/5a katika miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio, walikuwa na nafasi finyu. Walichagua sanduku lililozibwa la lita 5 hivi, wakaridhika na desibeli karibu 83 na besi ya kiasi. Walichopata ni sauti ya binadamu iliyo ya kweli kiasi kwamba spika hiyo husifiwa hadi leo. Seti ambayo tangazo lake linaahidi vyote vitatu inastahili kutiliwa shaka.

Ukinzani nao usisahauliwe. Amplifaya iliyoandikwa kuwa ni ya omu 8 ikiunganishwa na spika za omu 4 hutakiwa kutoa mkondo maradufu, nayo yaweza kupata joto hadi kuungua.

Kichujio hakibadilishwi ovyo

Kichujio huipelekea spika ya besi mitetemo ya chini na twita mitetemo ya juu. Vichujio vilivyo tayari vya dukani hukokotolewa kana kwamba spika ni kipingamizi cha omu 8 daima. Ukweli ni kwamba ukinzani wa koili hupanda na kushuka kadiri mtetemo unavyobadilika, na zaidi ya hayo umbo la sanduku lenyewe hubadili sauti. Kichujio chema hupatikana kwa kupima spika zile zile ndani ya sanduku lile lile. Basi seti bora ni ile ambayo msanifu wake ameonyesha mchoro wa vipimo alivyovichukua, na asiyepata twita iliyotajwa asiweke nyingine kwa sababu tu inaenea tunduni.

Kuhusu mbao, plaiwudi nzuri yatosha. Mninga na mvule hupendeza macho, lakini ubao mzima hutanuka na kunywea kwa unyevu, hasa pwani, na ufa mwembamba kama unywele huvujisha hewa ya sanduku lililozibwa. Ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa hukatika vizuri, ila kingo zake zipakwe rangi mapema kwa kuwa hufyonza maji na kuvimba.

Spika zote mbili zikiisha kuundwa, kabla ya kuunga vichujio, betri ya volti 1.5 iguswe kwa nukta moja kwenye ncha za kila spika ya besi, chanya kwa chanya. Koni zote mbili zitoke nje. Ikiwa moja inaingia ndani, alama za waya zake zimepinduliwa, na zikiachwa hivyo spika moja itakuwa ikisukuma hewa huku mwenzake akiivuta, nayo besi itapotea kama ilivyopotea kwenye spika ya redio mbovu isiyokuwa na ubao.