Chogo Limeondoka, Kabati Limebaki

Kwa nini makabati ya TV ya zamani yalikuwa mapana kwenda nyuma?

Kwa sababu ya chogo, ule mgongo wa TV uliotokeza nyuma. Ndani ya TV hizo mlikuwa na bomba la kioo, na miale ya elektroni ilihitaji nafasi nyuma ili ienee kioo kizima cha mbele. TV ya inchi 21 ilikwenda nyuma karibu nusu mita. Tanzania Bara, ambako vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994 (Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970), mafundi wa Keko, Dar es Salaam, walichonga shokesi za mninga zenye shimo la TV katikati, glasi za wageni pembeni na redio kaseti chini. Nyingine zilikuwa na milango ya kufuli. Taarifa ya habari ikiisha, mama anafunga, ufunguo unaishia kwenye pindo la kanga.

Na kile kitambaa cha kufuma kilichofunika TV?

Kilikinga vumbi na kupendezesha sebule. Kikiziba matundu ya nyuma, hata hivyo, joto linakosa pa kutokea. TV bapa nayo inapumua: iachie nafasi juu na nyuma.

TV mpya itaingia kwenye shokesi ya zamani?

Pima shimo kwanza, dukani baadaye. Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, si upana. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi, cha 43 ni 95, cha 55 ni 122, na fremu bado hujaihesabu. Fundi akitaka kukata ubao wa katikati ili kupanua, muulize kwanza ubao huo unabeba nini. Mara nyingi ndio ulioshikilia rafu ya juu, pamoja na vyombo vya harusi vyote.

Ipi huanguka kirahisi, TV ya chogo au bapa?

Zote mbili. Chogo lilikuwa na uzito mwingi mbele, kwenye kioo. Mtoto akikanyaga droo iliyo wazi, linamfuata. TV bapa ni nyepesi, lakini husimama kwa miguu miwili myembamba. Ifunge kamba imara nyuma, iunganishwe na ukuta.

Nikiitundika, iwe juu kiasi gani?

Kaa kwenye kochi lako, utazame mbele. Hapo macho yanapogonga ukuta ndipo katikati ya kioo, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Wengi wetu huitundika kama picha ya ofisini, kisha tunalalamika shingo.

Basi meza ya TV sasa ya nini?

Ya king'amuzi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo kisanduku hicho kinahitaji pa kukaa. Usikifungie nyuma ya mlango wa mbao: miale ya rimoti haipenyi mbao. Mlango wa kioo unafaa, au mwambie fundi auondoe tu.