Msikilize Kwanza, Ndipo Umfundishe

Somo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, walimu wa watoto na wakubwa wa vyama vya akina mama



Katika mitaa yetu ya Kawangware, Kangemi na Dagoretti, mtu akipatwa na shida mara nyingi haendi ofisini. Anangoja giza liingie, kisha anabisha hodi kwa kiongozi wa jumuiya. Kiongozi huyu amezoea kufundisha. Anajua sala, anajua Maandiko, anajua kuongoza mkutano. Lakini je, anajua kusikiliza?

Chukua mfano. Mama anakuja kwako na kusema, "Mtoto wangu hataki shule siku hizi." Kiongozi mwenye haraka anamjibu papo hapo: "Muombee, na umtie adabu." Mama anashukuru na kwenda zake. Kumbe alikuwa bado hajafika kwenye shida yenyewe. Mtoto anaogopa kupita kwa jirani fulani ambaye humshika ovyo. Mama alitaka kulisema hilo, ila mlango ulifungwa na mafundisho mazuri.

Tulichojifunza katika mji wetu

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Hapa Nairobi watu 213 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi walipoteza macho, kwa sababu waliposikia mlio wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na vioo vikawapasukia.

Majeraha ya mwili yalishonwa. Ya moyoni yalitaka dawa nyingine. Chama cha Madaktari cha Kenya kilianzisha mpango ulioitwa Operation Recovery ili waathiriwa wapate ushauri nasaha. Wakati huo wananchi wengi waliona kwamba kuambiwa "jipe moyo" peke yake hakutoshi.

Lakini kazi hii haikuanza siku hiyo. Kituo cha Amani, ambacho ni cha Kikristo, kilikuwa kimeanza ushauri na mafunzo hapa Nairobi tangu 1979. Naye Dkt. Gladys Mwiti, mwanasaikolojia Mkenya na Mkristo, alianzisha shirika la Oasis mwaka 1990. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994 alisaidia kuwaandaa watu wa huko kuwahudumia wenzao walioumia moyoni. Baadaye yeye na Alvin Dueck, mwalimu katika seminari ya Fuller kule Marekani, waliandika kitabu juu ya ushauri wa Kikristo kwa jicho la Kiafrika.

Fikira zao zinatusaidia sana: Mwafrika hakungoja mgeni aje kumfundisha kufariji. Tulikuwa na wazee, shangazi, nyanya, methali, na watu wa kukaa na mfiwa. Elimu ya kisasa ije iongeze nguvu hapo, isiyafute hayo. Lakini pia si kila desturi ni nzuri. Ile ya kumwambia mke aliyepigwa "vumilia tu" haifariji mtu, inamrudisha kwenye hatari.

Maandiko nayo yanatuonya. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka.

Namna ya kusikiliza

1. Tafuta mahali pa faragha lakini si pa kujificha. Kwenye ploti kuta ni nyembamba, na majirani wana masikio. Uwanja wa kanisa wakati wa mchana unafaa.

2. Mwache amalize. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akilia, usimkataze.

3. Uliza maswali yanayofungua: "Ilianza lini? Nani mwingine anajua?" Usiulize, "Ulimkosea nini?"

4. Rudia kwa maneno yako ulichosikia, ili akurekebishe.

5. Tunza siri. Usiitaje shida yake hata kwenye maombi ya jumuiya. Tena usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza: mtoto akidhulumiwa, au maisha ya mtu yakiwa hatarini, ni lazima msaada utafutwe.

Mwisho wa kazi yako

Wewe ni msikilizaji, si mshauri wa taaluma. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe. Kumpeleka mtu mbele si kushindwa. Shida ya mtoto, piga 116. Dhuluma ya nyumbani au ya kimapenzi, piga 1195. Nambari hizi hazilipishwi. Aliyenajisiwa afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haingoji. Asioge kwanza, na nguo azibebe kwenye karatasi, si plastiki.

Mtu akikwambia amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya, linampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake. Zamani wengi walificha jambo hili kwa kuogopa kifungo, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba.

Maswali ya kujadiliana

• Katika jumuiya yetu, mtu mwenye shida humwendea nani? Kwa nini huyo?
• Ni maneno gani tunayowaambia wafiwa na waliopigwa ambayo huwaumiza zaidi?
• Ni nani kati yetu anayejulikana kwa kutunza siri?

Kazi ya wiki hii: keti na mtu mmoja dakika ishirini, umsikilize bila kumpa shauri hata moja. Utaona ni kazi ngumu. Wiki ijayo mwambiane mlivyojifunza, bila kutaja majina.