USALAMA NYUMBANI: Feni ya bafuni, unyevu na mazuku



Somo letu la leo ni la bafuni. Linawahusu hasa jamaa wanaopanga nyumba Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma, kwenye njia ya Sake. Huko usiku ni wa baridi, mvua ni nyingi, na nyumba zinasimama juu ya mawe ya volkano. Mtu akioga maji ya moto ndani ya chumba kidogo, ukuta unatoka jasho. Baada ya miezi michache rangi inabanduka, ukungu mweusi unaota pembeni, nguo zinanuka. Ndipo watu wanasema: « Tununue feni ya kutoa hewa. »

Feni ni chombo kizuri. Lakini Mugunga kuna jambo ambalo mnunuzi wa mji mwingine hana haja ya kulifikiri, nalo ni mazuku. Tufuate mambo kwa mpango.

1. UNYEVU UNATOKA WAPI?

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi, hewa ya baridi hubeba kidogo. Mvuke wa kuoga ukigusa ukuta au manjanja ya paa yaliyo baridi, unageuka matone. Ukuta usiokauka huota ukungu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu huugua zaidi kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Wewe unayevuta vumbi kazini, mapafu yako yanahitaji hewa safi unapofika nyumbani.

Kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio hili. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote kwa utepe, ngoja siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke: feni itasaidia. Yakitokea nyuma yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ardhini au kwenye bomba linalovuja. Hapo feni haiponyi kitu. Tengeneza kwanza mahali panapovuja.

2. FENI YA NAMNA GANI?

Pima bafu lako: urefu mara upana mara kimo. Bafu la mita 2 kwa 1.50, lenye kimo cha mita 2.40, lina mita za ujazo 7.2. Hewa yake ikibadilishwa mara 10 kwa saa, unahitaji feni ya mita za ujazo 72 kwa saa. Sheria za ujenzi za Uingereza hudai angalau lita 15 kwa sekunde kwa bafu, yaani mita za ujazo 54 kwa saa. Basi feni ndogo ya kipenyo cha sentimita 10 inatosha bafu nyingi. Usinunue kubwa kupita haja yako. Sababu utaiona hapa chini.

Angalia pia mambo haya:
— Alama ya IPX4 au zaidi, ndiyo kusema maji yakiirukia hayaidhuru.
— Swichi ikae nje ya bafu, na kazi ya nyaya afanye fundi wa umeme. Mkono wenye maji na umeme havipatani.
— Bomba liwe fupi na nyoofu, litoe mvuke nje kabisa. Ukiuachia chini ya paa, umehamisha unyevu tu, na mbao zitaoza.
— Kifuniko cha nje kijifunge chenyewe feni inapozimwa, ili mvua na upepo visirudi ndani.

Ukishaoga, iache feni izunguke dakika 15 hadi 20, kisha izime.

3. HEWA INAYOTOKA LAZIMA IFUATWE NA INAYOINGIA

Hili mchimbaji analijua. Feni inayovuta hewa kutoka galeri isiyo na njia ya hewa safi haifanyi kazi yake. Au, vibaya zaidi, inavuta hewa mbovu kutoka mashimo ya zamani. Nyumba ni vilevile. Ukifunga mlango na madirisha yote kisha ukawasha feni, itatafuta hewa popote: katika nyufa za sakafu, katika tundu la maji machafu, chini ya kuta.

Fanya jaribio la karatasi. Weka karatasi nyepesi juu ya wavu wa feni inayozunguka. Mlango ukiwa wazi inashika, ukifungwa inaanguka? Basi bafu halina njia ya kuingizia hewa. Acha nafasi ya sentimita moja chini ya mlango wa bafu, na chumba cha jirani kiwe na dirisha au tundu la hewa lililo juu.

4. MAZUKU: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Mazuku ni gesi ya dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini, katika nyufa za mawe ya volkano. Mugunga, Bulengo na kandokando ya Lac Vert zinajulikana kwa mazuku. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatulia mabondeni, katika mashimo na vyumba vilivyo chini. Inazidi usiku na alfajiri, upepo unapokuwa umetulia.

Hewa ya kawaida ina sehemu 4 hivi za gesi hii katika 10,000. Kazini, kikomo kinachotumika nchi nyingi kwa zamu ya saa 8 ni 5 katika 1,000. Ikifika 10 katika 100, mtu anaweza kuzimia upesi. Ikizidi hapo, inaua.

Sasa mfikirie mfanyakazi wa zamu ya asubuhi. Anaoga alfajiri, madirisha yamefungwa kwa baridi, feni inavuta kwa nguvu. Ikiwa sakafu ina nyufa, feni hiyo inaweza kuvuta gesi ya ardhini mpaka ndani, ambako watoto wamelala chini juu ya mikeka. Ndiyo sababu tulisema usinunue feni kubwa kupita haja. Fanya hivi:
— Ziba nyufa za sakafu kwa saruji kabla ya kuweka feni.
— Tundu la maji machafu liwe na sifoni yenye maji daima. Sifoni ikikauka, njia ya gesi iko wazi.
— Tundu la kuingiza hewa liwe juu, kimo cha kichwa, upande wa nyumba usioelekea bondeni.
— Watoto walale juu ya kitanda.

Elewa vizuri: feni si dawa ya mazuku. Kabla ya kulipa garanti ya nyumba, waulize majirani na mkubwa wa avenyu. Ukiona wadudu, mijusi au ndege waliokufa katika shimo la karibu, usipange hapo, hata kama bei ni ndogo. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma (OVG) huchunguza pia gesi hizi. Na mtu akianguka katika shimo, usimfuate kichwa kichwa: wengi hufa wakimwokoa wa kwanza. Ita watu, anayeshuka bila chombo cha kupumulia anaongeza maiti.

5. MBABULA USIIINGIZE

Usikaushe bafu kwa mbabula ya makala. Makala yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi nyingine isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Feni ikizunguka jirani na jiko la makala, inaweza kuivuta gesi hiyo vyumbani. Mbabula ikae nje.

6. UMEME USIPOKUWAPO

Toboa matundu mawili yaliyo juu, katika kuta mbili zinazoelekeana, yenye wavu wa mbu, upepo utapita. Ama simamisha bomba la sentimita 10 hadi 15 linalopita juu ya paa. Kisha futa maji ya ukutani kwa kitambaa baada ya kuoga: maji uliyoyafuta hayageuki mvuke tena.

7. NA MWENYE NYUMBA?

Ukuta ni wake. Ongea naye kwa heshima kabla ya kutoboa, mwonyeshe ukungu, mkubaliane nani analipa na feni itabaki kwa nani. Andikeni karatasi, kila mmoja atie sahihi. Katika nyumba ya mbao feni hukaa vizuri juu ya ubao mmoja uliokatwa; weka kipande kile, ukihama utakirudisha.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Somea jamaa somo hili, kisha mjibu pamoja:
1. Unyevu wetu ni mvuke, au maji yanavuja?
2. Feni ikizunguka, hewa inaingia kupitia wapi?
3. Sakafu ina nyufa? Sifoni ina maji?
4. Watoto wanalala kimo gani kutoka chini?

Asiyeweza kujibu swali la pili, asiwashe feni kwanza.